Mayai ya Mama Mkwe

Kama daktari amekuambia upunguze kilo, akakuambia ule mayai kila asubuhi, nawe ukiyala midomo inavimba, usianze kwa kutafuta ni nani anakuchukia. Anza kwa kuacha mayai. Mimi nilianza kwa kumtafuta mtu. Ndiyo maana naandika haya sasa, sukari ikiwa imeshuka na macho yangu yakiwa bado yanaona, ili mwenzangu aliye kwenye benchi la kliniki asipite nilikopita.

Kwanza niseme ukweli kuhusu tabia yangu. Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nikiyanunua nayanusa mbele ya muuzaji. Mteja akisifu nguo kabla hajaivaa, najua kuna jambo anataka. Jina langu ni Ndanu. Nashona nguo sokoni Kathonzweni, hasa sare za shule, na mume wangu Kioko ni fundi wa mawe. Yeye humwamini kila mtu. Yeye hulala mlango ukiwa wazi, mimi naufunga mara mbili, na tumeishi hivyo miaka ishirini na mbili bila kuuana.

Ugonjwa ulianzia machoni. Ilikuwa Januari, wakati wa sare, nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Nikashuku uzi, nikabadilisha duka. Nikashuku taa, nikasogeza cherehani mlangoni kwenye jua. Kisha ikaja kiu, nakunywa maji mpaka majirani wanacheka, na safari za chooni hazihesabiki. Kioko alinipeleka hospitali akiwa amenibebea begi, mtu ambaye hajawahi kunibebea hata mwavuli. Nikamshuku na yeye, kwamba anajua kitu ambacho mimi sijaambiwa.

Kliniki ya sukari ni Jumanne. Unafika alfajiri bila kula, unaweka kitabu chako mezani juu ya vitabu vya wenzako, halafu unakaa. Kwenye benchi lile palikuwa na mzee aliyekatwa mguu chini ya goti, na sote tulijitahidi kuangalia ukuta. Muuguzi alinidunga kidole, akaangalia mashine, akanidunga kidole kingine. Nikajua hiyo si dalili njema. Kisha mizani: kilo tisini na saba. Nilimwambia mizani yake imeharibika. Akapanda yeye mwenyewe, akanionyesha, akashuka.

Daktari alinimulika machoni kwa muda mrefu. Alisema maneno machache na sikusahau hata moja. Sukari imeshaanza kugusa macho. Nikimeza dawa, nikibadilisha chakula na kupunguza uzito polepole, yanaweza kuokolewa. "Lakini ukiendelea hivi, mama, hiyo kazi ya cherehani utaiacha," akasema. Mimi sijui kazi nyingine.

Alinituma kwa mtaalamu wa lishe, msichana mmoja anaitwa Mwikali, mwembamba kama ufagio. Nikamshuku kwa wembamba wake. Mtu asiyejua kunenepa atanifundisha nini?

"Asubuhi unakula nini, mama?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Mkate kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Slesi nne. Na mandazi, kama iko moto."

"Na sukari kwa chai?"

"Kawaida."

"Kawaida ni vijiko ngapi?"

Nilimwambia viwili. Akaandika vinne. Mpaka leo sijui alijuaje.

Alinieleza kwamba asubuhi yangu ndiyo inanimaliza. Chai ya sukari na mkate vinakwisha tumboni upesi, na ikifika saa nne njaa inanirudisha kwa mandazi. Nianze siku na chakula cha kujenga mwili, kile kinachokaa, nami sitahangaika mpaka mchana. "Kula mayai mawili ya kuchemsha. Hata watoto wanajua kupika," akasema, akapiga muhuri.

Kumbe mimi na mayai hatukuwa tumejuana vizuri. Kwetu nilikozaliwa kuku walitaga ya kuuza. Yai lilikwenda dukani likarudi chumvi au mafuta ya taa. Ukubwani sikuwa na hamu nayo. Nilikula kipande cha keki kwenye harusi, basi. Lakini daktari akishasema macho, mtu anakula chochote.

Kioko alimpigia mama yake siku ileile. Mama mkwe wangu anaishi Mutomo, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Namwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyowaita mama zao. Ana kuku wa kienyeji wengi, na hata wakati wa kiangazi wake hutaga. Kabla wiki kwisha kiondo kikafika, kimejaa mayai yaliyofukiwa kwenye pumba yasivunjike. Alikileta Hussein, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki. Hununua mbuzi Mutomo na kupita kwetu siku za soko.

"Mama anakusalimia sana," Hussein akasema. "Anasema hii ni yako wewe peke yako. Usigawie watu."

Usigawie watu. Mwingine angecheka akapokea. Mimi nilisimama na kiondo mkononi nikijiuliza kwa nini.

Asubuhi tatu za kwanza nilisikia koo linawasha. Ya nne, vipele vikatoka mikononi. Wiki ya pili midomo ikavimba hadi nikashindwa kunywa chai, nikatapika mpaka machozi yakatoka. Nilishuku dawa. Nikaacha dawa siku mbili, jambo ambalo wewe usilifanye, nikala mayai peke yake. Nikavimba vilevile.

Hapo nikamwita Mama Kyalo, anayeuza nyanya karibu na cherehani yangu, nikampa mayai manne akale na watoto. Siku ya pili alikuja anang'aa.

"Aiya, Ndanu! Hiyo ni mayai! Kiini ni ya manjano kama malenge."

"Hakuna mtu amewashwa?"

"Awashwe na nini?"

Mtu wa mahali pengine angesema, basi ni mwili wangu haupatani na mayai. Huku kwetu hatuendi hivyo. Kitu kikimdhuru mmoja na kuwaacha wengine salama, tunasema kilikuwa na jina la mtu. Mama Kyalo ndiye alinimalizia. Alivuta kiti karibu, akapunguza sauti.

"Si ulisema aliambia Hussein usigawie watu?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe unangoja uambiwe na nani?"

Sikuhitaji kusukumwa sana. Kioko ndiye kitinda mimba wa Mwaitu, na kwa desturi kitinda mimba hubaki na mama yake. Mimi ndiye nilimvusha Athi akajenga Kathonzweni. Mwaitu hakuwahi kulalamika. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa kule kutolalamika kwake. Sasa nikaona nimepata jibu.

Kiondo cha pili kilipokuja sikukigusa. Niwaeleze wasio wa kwetu: kiondo kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Unaweka ndengu kidogo, zile choroko, au sabuni, au majani ya chai, mwenzako ajue mkono wake ulipokelewa. Na hakuna anayerudisha kile alichopewa. Kumrudishia mama mkwe chakula chake ni kumwambia jambo ambalo halisemwi kwa mdomo. Nililijua hilo vizuri sana. Siku ya soko nilikipeleka kwenye gari la Hussein.

Alifunua pumba akachungulia. "Mama, hii bado iko na mayai. Umesahau kutoa."

"Sijasahau."

Alikifunika tena. "Mimi nabeba mbuzi. Kitu kama hii sitaki kubeba."

Nilikiweka kwenye kiti cha mbele nikaondoka bila kugeuka.

Kioko alijua baada ya siku mbili, alipopigiwa simu kutoka Mutomo. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikuja kibandani kwangu mchana, mikono ina saruji, akasimama mbele ya cherehani.

"Umemwita mama yangu mchawi."

"Sijasema hivyo mahali popote."

"Umetuma kiondo kiseme."

Nilimwonyesha vipele. Nilimwambia juu ya watoto wa Mama Kyalo. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza swali moja. "Ndanu, mimi umewahi kuniamini?" Nikainamia mshono, akarudi kazini. Tangu siku hiyo alikula alichopikiwa na kusema asante kama mgeni. Nililia kwa hasira, nikijiona ninaonewa na ukoo mzima.

Nikarudi kwa chai na mkate. Na kwa sababu nilikuwa na uchungu, mandazi yakawa matatu, hata manne. Mvua za Aprili zilinyesha kidogo zikakatika, na mahindi yakanyauka yakiwa yamefika magotini, na mimi nikaendelea kunenepa. Kliniki ya Mei nilikuwa kilo tisini na tisa. Mwikali alifungua kitabu changu.

"Mayai unakula?"

"Nakula."

"Ngapi?"

"Mawili. Kila siku."

Aliweka kalamu chini. "Mama, mimi ni kama mtoto wako, nisamehe. Lakini unanidanganya."

Nilitoka nimefura. Niliwaambia watu wa benchi kwamba wasichana wa siku hizi hawana heshima. Ukweli ni kwamba sikuwahi kukutana na mtu anayeshuku kuliko mimi, na sikupenda. Mwezi uliofuata nilishona mifuko ya mashati kumi na mbili upande wa kulia. Mwalimu aliyeyaagiza alifikiri ni mzaha. Nilifumua yote kwa kugusa, kwa sababu mshono wenyewe sikuuona vizuri, na nikajua kwamba muda wangu unaisha.

Agosti dada yangu Katunge alimwoza binti yake Kibwezi. Nilikwenda nimejifunga kiuno nisile vitu vya sukari. Lakini bibi harusi mwenyewe alinilisha kipande cha keki mbele ya watu, mpwa wangu niliyembeba mgongoni, nikafungua mdomo. Hotuba ya baba mzazi haijaisha, ulimi ukawa mzito. Katunge aliniangalia usoni akapiga yowe. Walinikimbiza zahanati karibu na barabara ya Mombasa nikivuta pumzi kwa shida, nikachomwa sindano, na nikakaa pale mpaka jioni na gauni langu la kwendea harusi limelowa jasho.

"Umekula nini?" mhudumu wa zahanati akauliza.

"Keki."

"Na kitu kingine kimewahi kukufanyia hivi?"

Nilimwambia, mayai ya mama mkwe wangu.

"Mama, keki inapikwa na mayai."

Unafikiri niliamini? Nilimuuliza Katunge ni nani alioka keki. Akasema mwanamke wa Kibwezi. Nikauliza anatoka wapi kwao. Kibwezi. Ameolewa wapi? Hapohapo Kibwezi. Mayai alinunua kwa nani? Dukani, Ndanu, trei za kawaida! Ana jamaa Mutomo? Katunge alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sasa mama mkwe wako amekuja hapa saa ngapi kuroga trei ya duka?"

Mhudumu alinieleza kwamba mwili unaweza kukataa chakula hata ukubwani, na kwamba nikila mayai tena yanaweza kuniua. Aliandika kwenye kitabu changu kwa herufi kubwa: ASILE MAYAI. Niliyasoma maneno yale mara nyingi nikiwa nimelala pale. Niliona aibu iliyonifanya nitamani ingekuwa kweli nimerogwa.

Jumanne iliyofuata nilimwambia Mwikali yote, hata vijiko vinne. Hakunicheka. Aliandika barua nikaonwe na daktari wa mzio, kisha akavuta kiti.

"Haya. Nyumbani kuna nini? Usiniambie vya kununua. Vya kwa gunia."

"Ndengu. Mbaazi. Kunde kidogo. Wimbi."

"Na ulikuwa unalia hakuna chakula?"

"Hizo ni za mchana," nikamwambia. "Nani anakula ndengu asubuhi?"

"Mtu anataka kuona," akasema.

Basi nikaanza, na shaka yangu yote. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba nyumba nzima inakutazama. Watoto wangu wawili wa kike walikuwa wamefunga shule, wakanikuta saa moja asubuhi na bakuli la ndengu zilizochemshwa, nyanya na kitunguu juu, bila chapati wala wali. Mdogo aliuliza kama kuna matanga. Lakini saa nne ilipofika, muuza mandazi alipita na ndoo yake nikagundua sijamwita. Nilishuku. Nikangoja saa tano. Njaa ikaja saa saba, ya kawaida, bila kutetemeka.

Sikula kitu kimoja kila siku, ningechoka. Siku nyingine nilisaga ndengu zilizolowekwa, nikakoroga na maji, kitunguu na pilipili hoho, nikamimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo kama chapati za maji. Zinashika zenyewe bila yai. Mbaazi za kuchemsha nilikula na maziwa mala, yale yaliyoganda, yasiyo na sukari, na huo ndio mlo nilioupenda haraka. Omena, vile vidagaa, nilizikausha kwenye kikaango na nyanya. Harufu ilinipa shida wiki moja, halafu nikazoea. Uji wa wimbi nilipima kikombe kimoja tu, nikaukoroga na njugu karanga za kusaga, kwa sababu uji mtupu ulinipandishia sukari, niliona kwenye mashine ya kupimia. Na nyama ya mbuzi ya jana, ikibaki, vipande vichache na sukuma wiki. Ukila ndengu na mbaazi tumbo litajaa gesi siku za mwanzo. Loweka usiku, mwaga maji ya kwanza, anza na kidogo.

Kilo zilishuka polepole. Mbili mwezi wa kwanza, kisha moja na nusu, kisha mwezi mmoja hakuna kitu nikashuku mizani tena. Sketi ikaanza kuzunguka kiunoni. Na kwetu huwezi kukonda kwa amani. Mwanamke akinenepa ameolewa vizuri, akikonda ana siri. Kanisani nilisikia mchungaji akiombea "dada yetu anayepita kwenye bonde," nikatazama huku na huku nijue ni nani, kumbe ni mimi. Mama Kyalo alinishika mkono juu ya kiwiko, akapima unene wake kwa vidole, akauliza kama nimepimwa "ile nyingine." Nilimjibu vibaya. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba mimi nilimfanyia mtu mwingine jambo baya kuliko hilo, na sikuwa hata nimeomba radhi.

Nilijua kosa langu mwezi wa Agosti. Nilikwenda Mutomo Novemba. Sina sababu nzuri ya kukupa. Kila siku ya soko nilimwona Hussein na kila siku ya soko nilijifanya nina wateja. Mwishowe nilimwambia Kioko jioni moja, "Kesho twende kwa Mwaitu." Aliweka kikombe chini akasema, "Nilikuwa nangoja."

Mwaitu alitupokea vizuri. Alileta viti nje kivulini, akanishika mkono, akauliza habari za watoto, akatazama mwili wangu. Akaniuliza kama bado naumwa. Tulikaa saa nzima. Hakuleta chai. Hakuleta hata maji. Mkamba ambaye mgeni amekaa kwake saa nzima bila maji, hilo sikuwa nimewahi kuliona, na Kioko alikuwa anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Ningewapa kitu," mwishowe akasema. "Lakini sitaki shida tena."

Nikapiga magoti. Nilimweleza keki, sindano, maandishi kwenye kitabu. Nilimwambia niliwaza ubaya juu yake na kwamba hakuwa na kosa hata moja. Alisikiliza akiangalia kuku wake.

"Nilisema usigawie watu kwa sababu nakujua," akasema. "Ungepatia Kioko na watoto, wewe ubaki na mkate. Mimi pia nilikuwa hivyo."

Nikalia. Hakunizuia.

"Hussein hakusema kitu. Aliweka kiondo dukani, mimi nikaenda kuchukua. Wamama walikuwa hapo. Waliona kimerudi na mayai." "Kikundi chetu cha wamama kilikuwa kwangu mwezi wa sita. Nilichinja jogoo wawili. Walikuja wote. Wakaomba, wakaimba. Nikaleta chakula, wakasema wameshiba. Wote wameshiba, siku moja. Hiyo nyama nilikula peke yangu siku nne."

Nilikuwa nimefikiri nimemkasirisha mama mkwe. Sikujua nimemfanya awe mwanamke ambaye majirani hawali kwake, katika kijiji alichoishi maisha yake yote. Nilimwambia, "Mwaitu, niko na njaa. Nipikie chochote." Akatikisa kichwa.

"Leo hapana."

Zamu yake ya kikundi ilirudi mwishoni mwa Januari. Mimi nilifika jana yake. Tulipika mbaazi mbichi, ndengu na mbuzi mmoja, na sikuzungumza sana. Wanawake walipokaa na nyimbo kuisha, nilisimama kabla ya mtu yeyote kusema ameshiba. Nikawaambia mimi ndiye mke wa Kioko, mimi ndiye nilirudisha kile kiondo, na nilikuwa mgonjwa na mjinga kwa pamoja. Niliwaonyesha kitabu cha kliniki, kikapita mikononi mwao. Kisha nikachota sahani, nikala ikaisha, nikaongeza. Walinitazama kama wanaongoja nianguke. Mama mmoja mzee akasema, "Haya, nipe hiyo mbaazi." Wakafuata wengine. Si wote. Watatu walisema wameshiba, na bado husema hivyo mpaka leo.

Kliniki ya Februari nilikuwa kilo tisini na moja. Sukari ilikuwa mahali pake kwa mara ya tatu mfululizo. Daktari alinimulika macho tena, nikakaa nimeshika kingo za kiti. Akasema ugonjwa haujaendelea, na ukungu ule wa mwanzo umepungua. Bado navaa miwani, bado nameza dawa, na nitakwenda Jumanne zile maisha yangu yote. Lakini nashona. Kwa wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi, hilo linawezekana, na linaanza na kile unachoweka mdomoni asubuhi.

Mwaitu sasa huja kukaa kwetu wakati wa kliniki, siku tano au sita. Yeye ndiye hunipikia asubuhi, hakubali mtu mwingine aguse jiko. Mbaazi zake zinashinda zangu. Tunaongea, tunacheka, hunitania kwamba nimebaki mifupa kama Mwikali. Anasema alishanisamehe, na namwamini, na mimi si mtu wa kuamini upesi.

Ila kabla ya kunipa bakuli, huchota kijiko cha kwanza yeye mwenyewe. Anakitia mdomoni nikiona, anatafuna, anameza, anangoja kidogo. Hivyo ndivyo kwetu aliyepika anavyofanya mbele ya mgeni anayemshuku kwa sumu. Nimemwambia, "Mwaitu, tafadhali, acha." Nimemwambia mara nyingi, hata mbele ya Kioko. Anapangusa kijiko kwa leso, anakiweka ndani ya bakuli, ndipo ananisogezea nile.